Meli Haimngoji Abiria: Shauri kwa Wasafiri wa Embu na Meru

Makarani wengi wapatapo likizo, na wakulima wengi wakiisha kulipwa fedha za kahawa, hutamani kutoka nyumbani siku mbili tatu ili waione nchi. Miongoni mwa njia zipendwazo ni ile itokayo Embu kwenda Meru, ikizunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya. Ni njia ya lami, urefu wake karibu kilomita 130, nayo hupita katika mashamba ya kahawa na chai, mabonde yenye kina, na mito ya maji baridi yashukayo kutoka mlimani. Hata hivyo wengi wapitao huko hurudi wakiwa wamechoka tu. Wakiulizwa waliona nini, hutaja idadi ya miji waliyoipita, wala hawana habari ya hata mmoja.

Watu wa namna hiyo yafaa wajifunze kwa wasafiri ambao muda wao ni mfupi kuliko wa karani yeyote, nao ni abiria wa meli za watalii.

DESTURI YA ABIRIA WA MELI

Meli hizo hufika katika bandari ya Kilindini, Mombasa, zaidi katika miezi ya kaskazi, wakati bahari ni tulivu. Kwa kawaida meli hutia gati alfajiri, nayo hung'oa nanga jioni ya siku iyo hiyo. Abiria hupewa saa chache tu za kukanyaga nchi kavu. Kabla hawajashuka, huambiwa saa ambayo kila mtu lazima awe amekwisha kurudi melini, na saa hiyo huwa nusu saa au zaidi kabla ya meli kuondoka. Nahodha hana mchezo katika jambo hili, kwa kuwa bandari hutoza fedha nyingi kwa kila saa ya gati, na bandari nyingine mbele inamngoja.

Kwa hiyo abiria mwenye akili huchagua. Asema moyoni, "Leo nitaona Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, basi." Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, nayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu aweza kuizunguka kwa utaratibu, akatembea kwa miguu katika vichochoro, akanywa kahawa, akarudi melini na saa mbili zikasalia. Mwingine hutaka kuona ndovu, akaenda Tsavo Mashariki, ambayo lango lake la upande wa Pwani li mbali ya kilomita mia moja hivi. Huyo naye aweza kufaulu, lakini akubali kwamba Ngome hataiona. Apatae hasara ni yule atakaye yote mawili kwa siku moja. Huona mavumbi ya Tsavo na ukuta wa Ngome kwa nje, na njia nzima jicho lake li juu ya saa.

Liko jambo la pili ambalo abiria wazoefu hulijua. Anayekwenda katika ziara iliyopangwa na meli yenyewe, gari lake likiharibika njiani, meli kwa kawaida itamngoja au itamtafutia njia ya kuifuata. Bali yule aliyekodi teksi kwa shauri lake mwenyewe, meli itamwacha. Ataiona ikitoka mlangoni mwa bahari, naye atalazimika kujilipia nauli mpaka bandari ifuatayo, labda Unguja. Na kama pasi yake ya kusafiria imebaki melini, matata yake yatakuwa makubwa zaidi. Ndiyo maana wenye busara huchukua pasi au nakala yake, hushika fedha za akiba, na huandika kwenye karatasi jina la meli na la wakala wake bandarini.

HESABU YA SAA

Jambo la tatu ni saa yenyewe. Mwafrika wa Mashariki huanza kuhesabu saa jua lichomozapo, lakini mgeni kutoka Ulaya huanza usiku wa manane. Mgeni asemapo kwa lugha yake kwamba atakuja saa ya kumi, yeye ana maana ya saa nne asubuhi. Mwenye teksi asikiaye "saa kumi" hufikiri ni alasiri. Tofauti yake ni saa sita kamili, na saa sita zatosha meli kufika mbali. Dawa yake ni rahisi: watu wawili wasipatane kwa maneno tu, bali waonyeshane mishale ya saa. Shauri hili si la Mombasa peke yake. Kila kijana wa Chuka au Maua apendaye kazi ya kuongoza wageni alishike.

MOTOKAA NI MELI, NA MJI NI BANDARI

Sasa, abiria wa Kilindini hawezi kuiona Meru na kurudi melini siku hiyo hiyo. Gari moshi la reli mpya, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, huchukua saa tano au sita kutoka Mombasa mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi bado kuna safari ya saa nyingi kwa barabara. Mgeni wa meli atakaye kuuona Mlima Kenya hana budi kuiaga meli yake kwa siku kadhaa. Wageni wengi wa Embu na Meru, basi, ni Wakenya wenyewe waendao kwa motokaa zao, au kwa matatu iliyokodiwa na chama cha ushirika, shule au kanisa.

Lakini hao nao ni kama abiria wa meli. Motokaa ndiyo meli yao, kila mji ni bandari, na jioni ndiyo saa ya kung'oa nanga. Yawapasa kuchagua vile vile. Kwa siku moja, mahali pawili panatosha. Kwa siku tatu, mtu aweza kutoka Embu akafika mbugani chini ya milima ya Nyambene na kurudi salama.

Wakati wa safari pia una maana. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei, na za vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Upande huu wa mlima hupata nyingi sana. Januari na Februari ni miezi mizuri ya kuuona mlima. Lakini hata katika miezi hiyo mlima huonekana alfajiri, kisha hujifunika mawingu. Alalaye mpaka saa tatu asilaumu mtu.

EMBU

Kituo cha serikali cha Embu kilianzishwa mwaka 1906. Zamani wilaya ya Embu ilikuwa kubwa kuliko Embu ya sasa, kwa kuwa Kirinyaga nayo ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 1963. Hivyo mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo msafiri atokaye Nairobi huyapita kabla ya kufika mjini, yalianza yakiwa katika wilaya ya Embu. Mifereji yake ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950 na watu waliofungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Yafaa mgeni anunuaye mchele wa Mwea kando ya njia alijue jambo hilo, kwa sababu mchele ule una harufu nzuri, lakini jasho la kwanza lililomwagika pale halikuwa la hiari.

Mjini mna hoteli ya zamani iitwayo kwa jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyeandika kitabu juu ya kuvua samaki mwaka 1653. Jina hilo si la bure. Walowezi walileta samaki wa mito ya Ulaya na kuwatia katika mito ya baridi ya mlimani, nao wakaja Embu kuwavua kwa ndoana.

Msafiri wa siku moja atokaye Embu achague upande. Akitaka kuona maji mengi, ateremke Mbeere, ambako mto Tana umezuiwa kwa mabwawa yaliyofuatana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Huko ni joto, mashamba ni ya mtama na pojo, na iko hifadhi ndogo ya wanyama ya Mwea iliyotengwa mwaka 1976. Akitaka baridi na mashamba ya chai, apande njia ya Runyenjes kuelekea Meru. Asijaribu njia zote mbili kwa siku moja.

KUTOKA THUCI MPAKA CHOGORIA

Mto Thuci ndio mpaka wa Embu. Ng'ambo yake ni Chuka, na tangu mwaka 2013 nchi hiyo ni kaunti ya Tharaka-Nithi. Mkulima apitaye hapa ataona jinsi nchi ilivyopangwa kama ngazi: juu kabisa msitu, kisha chai, kisha kahawa, kisha mahindi, na chini kabisa mtama na wimbi wa Tharaka. Nchi hizi zina sifa yake katika habari za kahawa. Katika miaka ya 1930, wakati Waafrika wa Kenya kwa jumla walikuwa wamekatazwa kupanda buni, Meru, Embu na Kisii ndiko walikoruhusiwa kwanza kujaribu. Mtu akisimama kwenye kiwanda cha ushirika wakati wa mavuno, akaomba kwa adabu aonyeshwe kahawa inavyomenywa, kuoshwa na kuanikwa, atajifunza mengi kuliko kwa kukaa ndani ya gari.

Mbele yake ni bonde la Nithi. Barabara huteremka kwa mteremko mrefu wenye kona, hufika darajani, kisha hupanda tena. Mahali hapa pamekula watu wengi. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Pwani liliacha barabara hapo likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofunga mizigo yao asubuhi ile kama afungavyo kila msafiri, wakaaga jamaa zao, na jamaa wakawaambia wafike salama.

Kazi ya ukurasa huu si kupima kosa lilikuwa la nani. Ni kumkumbusha kila mwenye motokaa kwamba breki zikaguliwe kabla ya kutoka nyumbani. Kwamba gari literemke kwa gia ya chini, ile ambayo lingepandia mlima huo. Na kwamba mzee aliye ndani ya matatu akimwambia dereva, "Mwanangu, punguza mwendo," dereva atii wala asione haya, na abiria wengine wamwunge mkono mzee. Aliyeachwa na meli Kilindini hupoteza nauli. Apoteaye Nithi hana bandari ya mbele ya kuikimbilia.

Mbele kidogo iko njia ya kupanda Chogoria. Misheni ya Kanisa la Scotland ilianzishwa huko mwaka 1922 na Daktari Archibald Irvine, na hospitali yake ingali inatibu watu. Kutoka Chogoria hupanda njia ipitayo msituni mpaka penye maziwa na magenge ya Mlima Kenya, ambao kilele chake kina mita 5,199. Kupanda huko ni kazi ya siku kadhaa, nguo za baridi na kiongozi mwenye kibali. Lakini mwenye saa mbili tatu aweza kutembea ukingoni mwa msitu, akala chakula chake penye upepo safi, akarudi.

MSTARI WA IKWETA

Kabla ya kufika mji wa Meru, baada ya Nkubu, barabara hukata mstari wa ikweta, napo pana kibao. Melini, abiria wavukapo mstari huu mara ya kwanza hufanyiwa karamu kubwa: baharia huvaa ndevu za bandia na taji, akajiita mfalme wa bahari, akawamwagia maji wageni, kisha wakapewa vyeti. Kwenye barabara ya Meru watu huuvuka kila siku wakienda sokoni na ndizi zao, bila cheti wala karamu.

Upande wa pili wa mlima, Nanyuki, wako vijana wanaoonyesha wageni maji katika beseni yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari, na kushoto upande wa pili. Ni mchezo wa kupendeza na mtu aweza kuwapa kitu kwa ustadi wao. Lakini msomaji ajue kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni; yanageuzwa na jinsi yanavyomiminwa.

MERU NA HABARI YA BAHARI

Kituo cha Meru kilianzishwa mwaka 1908 na E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi, yaani yule mdogo azungukaye huku na huku. Ni jina la kufaa wasafiri wengi. Mjini mna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya D.C. Aingiaye humo asipite mbio; saa moja na nusu pamoja na mwenyeji ajuaye kueleza itamfaa kuliko maduka kumi.

Tena, mtu wa Meru hasisahau kwamba wazee wake husimulia habari ya bahari. Wasema kwamba asili ya Wameru ni mahali paitwapo Mbwaa, palipozungukwa na maji, ambapo walitumikishwa na watu wa nguo nyekundu, Nguuntune, waliowapa kazi zisizowezekana. Kiongozi wao Koomenjwe akawatoa usiku, na maji yakagawanyika mbele yao. Waliovuka gizani wakaitwa weusi, waliovuka jua likichomoza wakaitwa wekundu, na waliovuka mchana wakaitwa weupe, na mgawanyo huo umo katika koo mpaka leo. Baadhi ya wanahistoria wamedhani kwamba Mbwaa ni karibu na Manda, upande wa Lamu. Kwa hiyo Mmeru asimamaye Kilindini akitazama meli za wageni asijione mgeni mbele ya maji. Hata mito ya kwao, Thuci, Nithi na Mutonga, huingia Tana, na Tana humwaga maji yake baharini upande wa Kipini.

NYAMBENE NA MBUGA

Kutoka Meru kwenda mbugani ni karibu kilomita 80, kupitia nchi ya Igembe na mji wa Maua. Hii ndiyo nchi ya miraa. Miraa ikichumwa haikai. Baada ya siku mbili tatu thamani yake imekwisha. Kwa hiyo huvikwa majani ya mgomba, ikapakiwa katika magari yaendayo mbio sana kuwahi ndege za Nairobi. Tangu Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014 soko hilo limefungwa, lakini magari yangali yakikimbia kwa ajili ya masoko mengine. Msafiri akutanaye nayo ayapishe, wala asishindane nayo.

Mbuga ya Meru ni sifa ya wenyeji wenyewe. Mwaka 1959 Halmashauri ya Waafrika ya Wilaya ya Meru ndiyo iliyotenga ardhi hiyo kwa ajili ya wanyama, na mwaka 1966 ikawa mbuga ya taifa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 870. Hapa ndipo Joy na George Adamson walipomrudisha porini simba jike Elsa, waliyemlea tangu alipokuwa mtoto, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1960 kikajulisha dunia nzima. Elsa alikufa Januari 1961, si kwa risasi wala kwa kupigana, bali kwa ugonjwa uletwao na kupe, kama ambavyo mkulima hupoteza ng'ombe asiyeogeshwa. Kaburi lake liko karibu na mto Ura.

Mbuga hiyo iliwahi kuharibika. Mwaka 1988 majangili waliwaua vifaru weupe waliokuwa wakilindwa, na wageni wakaacha kuja. Baadaye wanyama wakaletwa upya, na vifaru sasa wamezungushiwa ua. Mgeni ajue kwamba malangoni hawapokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kwa simu au kadi, na ni vyema kuyamaliza kabla ya kufika mahali ambapo simu haishiki.

WAJIBU WA MWENYEJI NA WA MGENI

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa njiani hafiki siku ya tatu, wala jembe lake halitatafutwa. Hilo lisiwe sababu ya kumpandishia bei ya ndizi mara tatu. Auziwaye kwa haki leo huwaambia wengine kumi kesho. Mgeni naye asipige picha ya mtu kabla ya kuomba ruhusa, asiwatupie watoto peremende kutoka dirishani kama atupaye chakula kwa kuku, na anunue angaa kitu kimoja kila asimamapo, ili mji uone faida ya kupitiwa.

Mwisho ni hesabu ya kurudi. Abiria wa meli hupima muda aliotumia kwenda, kisha hutenga muda huo kwa kurudi na kuongeza nusu yake. Aliyekwenda kwa saa mbili hutenga saa tatu. Katika njia ya Embu na Meru hesabu hiyo ni ya lazima zaidi, kwa maana alasiri huja mvua na ukungu, malori hutambaa milimani, na usiku humwondolea dereva nusu ya macho yake. Likizo ikimwishia mtu mbali, apige simu kazini aseme atachelewa, au alale Chuka aondoke alfajiri. Mkubwa wake atakasirika siku moja, kisha atasahau. Meli haimngoji abiria, ni kweli. Lakini nyumba humngoja mwenyewe, hata akichelewa.